Neno la Kiingereza "smile": maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu maana na asili yake

Maswali yafuatayo huulizwa na wanafunzi, walimu wa lugha na wafasiri, ambao hukutana na neno hili karibu kila siku na hatimaye hutaka kujua limetoka wapi, na kwa nini lina jamaa wengi wenye tabia mbaya. Maswali ya mwanzo yanahusu maana, yanayofuata yanahusu historia, na ya mwisho yanamhusu zaidi anayeandika au kufasiri kwa Kiswahili.

Neno "smile" lina maana gani hasa?

Kama kitenzi, "smile" ni kuonyesha furaha, upole, urafiki au kufurahishwa na jambo kwa kuvuta pembe za mdomo kwenda juu na kando, pasipo kutoa sauti. Sharti hilo la ukimya ndilo linalolitenga na "laugh", ambalo ni kucheka kwenyewe. Mengine yote yako huru: mdomo waweza kufumbwa au kufunguliwa, meno yaweza kuonekana au kufichwa, na anayetabasamu aweza kuwa anamfurahia mwenzake, anajifurahia mwenyewe, au anajikaza tu mbele ya wageni. Neno halihukumu. Ndiyo maana Mwingereza anapotaka kusema kwamba tabasamu ni la uchungu, la kulazimishwa au la unafiki, hana budi kuongeza neno la sifa, au kuliacha hili kabisa na kuchukua jingine lenye hukumu ndani yake.

Kama nomino, "smile" ni tabasamu. Kitenzi kilitangulia, na nomino ikazoeleka katika maandishi ya karne ya 16. Yapo pia matumizi ya sitiari yaliyo ya zamani sana, kwani tangu mwaka 1400 hivi Waingereza wamelitumia neno hili kwa bahati, mbingu au Mungu anapompa mtu kibali. Hapo mfasiri asijaribu kuleta tabasamu kwa nguvu. Kiswahili kina njia zake za kulisema jambo hilo: nyota ya mtu imeng'aa, bahati imemwangukia, au Mungu amemjalia.

Je, neno hili limekuwepo tangu Kiingereza kilipoanza?

Hapana, na jibu hili huwashangaza wengi. Waanglia na Wasaksoni, ambao lugha yao ndiyo iliyokuja kuwa Kiingereza, walianza kuhamia kisiwa cha Britania katika karne ya 5, lakini kitenzi "smilen", ambacho ndicho umbo la kale la "smile", kinaonekana katika maandishi mwaka 1300 hivi. Maana yake ni kwamba Kiingereza kilisemwa kwa zaidi ya miaka 700, kikaandikiwa sheria, mashairi, historia na tafsiri za Biblia, bila neno hili kuonekana katika maandishi yake yaliyobaki.

Lilitoka wapi basi? Kamusi za asili za maneno hutaja njia mbili. Ya kwanza ni lugha za Skandinavia, zilizoletwa na Waviking waliovamia na baadaye kukaa mashariki na kaskazini ya Uingereza tangu karne ya 9. Hao ndio waliokiachia Kiingereza maneno ya kawaida kabisa kama "egg" kwa yai, "sky" kwa anga, "window" kwa dirisha, na hata kiwakilishi "they". Ya pili ni Kijerumani cha Chini, kilichosemwa na wafanyabiashara wa pwani za Bahari ya Kaskazini waliokuwa wakiingia na kutoka katika bandari za Uingereza. Lugha hizi mbili zina udugu wa karibu, hivyo sauti za neno peke yake hazitoshi kukata shauri, na kamusi makini huandika "huenda" kabla ya kutaja chanzo chochote. Sisi tunaelemea upande wa Skandinavia, kwa sababu kitenzi hicho kimo hadi leo katika Kidenishi na Kinorwe kikiwa na maana ileile na tahajia ileile, "smile", ilhali umbo la Kijerumani cha Chini linalotajwa ni la kukisiwa na wanaisimu.

Kabla ya hapo Waingereza walilitajaje tabasamu?

Walisema "smearcian". Neno hilo halikufa. Lipo hadi leo, ila limebadilika sura na tabia. Ndilo "smirk" la sasa, ambalo kila mwanafunzi wa Kiingereza hufundishwa kuwa ni tabasamu la kuudhi: la mtu anayejiona, anayekebehi, au anayefurahia kwamba mwenzake ameumbuka.

Zamani halikuwa na ubaya wowote. Ushahidi mzuri kuliko yote umo katika tafsiri ya Kiingereza cha Kale ya kitabu ambacho Boethius, mwanafalsafa wa Kirumi, alikiandika gerezani mnamo mwaka 524 kuhusu faraja iletwayo na falsafa. Tafsiri hiyo kwa mapokeo huhusishwa na Mfalme Alfred, aliyefariki mwaka 899. Ndani yake Falsafa, ambayo Boethius aliichora kama bibi mwenye heshima, inaitwa Hekima, na kuna mahali Hekima anaanza "smearcian" kabla ya kusema na mfungwa aliyekata tamaa. Tukilisoma neno hilo kwa maana ya leo, Hekima atageuka kuwa mwalimu mwenye dharau anayemcheka mwanafunzi wake aliyefungwa. Mfasiri wa kale hakukusudia hivyo hata kidogo. Alikusudia tabasamu la upole, na neno alilokuwa nalo kwa tabasamu la upole lilikuwa hilo.

Kwa nini "smirk" likaharibika na "smile" likabaki safi?

Hili ndilo swali linalofaa kukaliwa kuliko yote, kwa sababu jibu linalotolewa haraka haraka ni la kukosea. Wapo wanaodhani kwamba "smirk" lilikuwa na mbegu ya ubaya ndani yake tangu mwanzo, labda kwa sababu ya sauti yake ya kukatika ghafla mwishoni. Kuna hata hoja ya kuunga mkono dhana hiyo, kwani wanaisimu hulihusisha "smearcian" na kitenzi kingine cha kale kilichokuwa na maana ya kumcheka mtu. Lakini kwa karne nyingi kitenzi chenyewe kilitumika kwa wema, kama tulivyoona kwa Hekima.

Kilichotokea ni ushindani. Kuanzia mwaka 1300 Kiingereza kilikuwa na maneno mawili kwa jambo moja, na lugha haina desturi ya kuyalisha maneno mawili kwa kazi ya mmoja kwa muda mrefu. Ama moja huondoka, ama hutafuta kazi nyingine. Kiingereza kimeyafanya hayo mara nyingi. Neno la kale la mbwa yeyote lilikuwa "hund", ambalo leo ni "hound". Lilipokuja "dog" na kupendwa na watu, "hound" likasukumwa pembeni likabaki na mbwa wa kuwinda tu. Neno la kale la kiti chochote lilikuwa "stol", leo "stool". Lilipoingia "chair" kutoka Kifaransa, lile la kale likabaki na kigoda kisicho na mgongo. Vivyo hivyo, baada ya mwaka 1500 hivi "smile" lilichukua uwanja wote wa tabasamu la kawaida, na "smirk" likaachiwa kona iliyobaki, yaani tabasamu lenye kasoro. Mabadiliko hayo hayakufanyika kwa siku moja. Zipo orodha za maneno za karne ya 18 ambazo bado zinalieleza "smirk" kuwa ni kutabasamu tu, bila nyongeza yoyote.

Anayetaka uthibitisho kwamba si mzizi wa neno ulioamua atazame Kiswidi. Huko kitenzi cha kawaida cha kutabasamu ni "le", na kile cha "smila", ambacho ni ndugu wa damu wa "smile" ya Kiingereza, ndicho kilichosukumwa pembeni: humaanisha kutabasamu kwa kujipendekeza, kama mtu anayetaka apewe kitu. Neno lililoshinda Uingereza limeshindwa Uswidi, na lilipata aibu ileile aliyoipata mpinzani wake wa Kiingereza. Wanaopenda kusoma tabia ya taifa katika mizizi ya maneno yake wangefaa kuanzia hapo.

Je, "smile" lenyewe limekuwa neno la furaha siku zote?

La. Kwa kuwa halihukumu, limetumika kwa wema na kwa uovu tangu karne yake ya kwanza. Mshairi Mwingereza Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, alilitumia kwa mtawa wa kike ambaye tabasamu lake anaelezwa kuwa ni la unyofu na haya, na katika kazi hiyohiyo akalitumia kwa mtu anayetabasamu huku ameficha kisu chini ya joho. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu juu ya huyo wa pili, kwa kuwa methali yetu isemayo kikulacho ki nguoni mwako inamjua vizuri. Miaka 200 baadaye William Shakespeare alimfanya Hamlet, mhusika mkuu wa tamthilia yake, ashangae kwamba mtu anaweza kutabasamu na kuendelea kutabasamu hali ni mwovu. Katika mifano hiyo yote ubaya umo ndani ya mtu, si ndani ya neno, na hapo ndipo tofauti yake na "smirk" ya leo ilipo.

Mzizi wake wa mbali kabisa ni upi?

Wanaisimu wanaolinganisha lugha za Ulaya na za Bara Hindi wameukisia mzizi ambao huandikwa "smei-", wenye maana ya kucheka au kutabasamu. Haukupatikana katika maandishi yoyote, kwani lugha mame iliyokuwa nao, yaani ile iliyozizaa lugha hizo, ilisemwa kabla ya maandishi. Umejengwa upya kwa kulinganisha watoto wake. Watoto hao ni wengi. Kisanskriti kina "smayate", yaani anatabasamu. Kirusi kina "smekh", kicheko. Kilatvia kina "smieties" kwa kucheka na "smaids" kwa tabasamu. Kigiriki kilipoteza sauti ya s mwanzoni mwa neno, hivyo kutabasamu kukawa "meidian". Lakini Homer, mshairi wa kale wa Kigiriki, anapomwita mungu wa kike Aphrodite mpenda tabasamu, neno lake ni "philommeides", lenye m mbili, na m ya ziada ndiyo alama iliyoachwa na s iliyopotea.

Tawi linalovutia zaidi ni la Kilatini, ambacho nacho kiliipoteza s. Wanaisimu wengi hukubali kwamba kivumishi "mirus", yaani cha ajabu au cha kustaajabisha, kinatoka katika mzizi huu, kwa wazo la jambo linalomfanya mtu atabasamu kwa mshangao. Kutoka hapo kilizaliwa kitenzi cha kustaajabu, na kwa njia ya Kifaransa Kiingereza kikapata "miracle" kwa muujiza, "marvel" kwa ajabu, "admire" kwa kuhusudu uzuri wa kitu, na hata "mirror" kwa kioo cha kujitazamia. Mwingereza anayetabasamu mbele ya kioo basi ametumia mzizi mmoja mara mbili bila kujua. Anayeona hatua kutoka tabasamu hadi mshangao kuwa ndefu mno akumbuke kwamba Kisanskriti kiliivuka pia, kwa njia yake chenyewe: "vismaya", neno la mshangao, limejengwa juu ya mzizi huohuo.

Lugha nyingine za Ulaya husemaje?

Nyingi hazina shina la pekee. Huchukua neno la kucheka na kulipunguza. Kilatini kiliweka kiambishi chenye maana ya chini mbele ya kucheka na kupata "subridere", kucheka kwa chini, ambako kumetoka "sourire" ya Kifaransa, "sorridere" ya Kiitalia, "sonreír" ya Kihispania na "sorrir" ya Kireno. Kijerumani kina "lächeln", ambalo ni "lachen", kucheka, lililofanywa dogo. Kiholanzi kina "glimlachen", ambamo kucheka kumeunganishwa na neno la kumeremeta, na kwa maoni yetu hilo ndilo zuri kuliko yote katika orodha hii.

Kwa kuwa "tabasamu" na "smile" yote yana sauti za s na m, je, yana asili moja?

Hayana. Kufanana huko ni sadfa. Tabasamu ni neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, katika kitenzi "tabassama", chenye mzizi wa herufi tatu, b, s na m; silabi ya "ta" ya mwanzoni ni kiambishi. Mzizi huo ndio uliomo katika majina ya Basma, Basim na Ibtisam yanayosikika pwani yetu na Oman. Kitenzi chenyewe kimo katika Qurani, sura ya 27, aya ya 19, pale Nabii Suleiman anapotabasamu akicheka baada ya kusikia maneno ya sisimizi. Na wengi wameyasikia mafundisho ya Mtume kwamba tabasamu la mtu mbele ya ndugu yake ni sadaka. Katika Kiarabu s na m ni herufi mbili za mwisho za mzizi, na katika "smei-" ni mbili za mwanzo. Kiarabu na Kiingereza ni lugha za familia mbali mbali, na hakuna njia ya kihistoria inayoyaunganisha maneno haya mawili.

Jambo ambalo Kiarabu na Kiingereza vinafanana kwalo ni jingine: lugha zote mbili zina shina la tabasamu lisilotokana na kucheka. Kiswahili nacho kimeupata utajiri huo. Kucheka kwetu ni la asili ya Kibantu, na limezaa chekea, chekelea, chekesha na chekacheka. Tabasamu limesimama kando likiwa na kazi yake.

Neno "grin" lina tofauti gani na "smile"?

"Grin" ni kutabasamu kwa upana hadi meno yaonekane. Historia yake imekwenda kinyume na ya "smirk", kwani lilianza vibaya likaishia vizuri. Katika Kiingereza cha Kale "grennian" ilikuwa kuonyesha meno kwa maumivu au kwa hasira, kama mbwa anayetaka kuuma, na jamaa yake wa Kijerumani, "greinen", hadi leo ni kulialia. Maana ya tabasamu pana ilijitokeza mwishoni mwa karne ya 15, labda kwa kupitia tabasamu la kulazimishwa, lile ambalo meno yapo lakini furaha haipo. Harufu ya zamani haijaisha, kwa sababu Mwingereza bado hulitumia neno hili katika usemi wa kuvumilia shida kwa kuuma meno na kukaza uso.

Kiswahili kina kitenzi kinacholingana nalo kwa karibu sana, yaani kukenua. Nacho hutazama meno kwanza na moyo baadaye. Mtu hukenua kwa furaha, na maiti huweza kuelezwa kuwa imekenua. Usemi wa Kiingereza wa kukenua kama paka wa Cheshire ulikuwa tayari umeandikwa katika kamusi ya lugha ya mitaani ya Francis Grose, toleo la mwaka 1788, hivyo haukubuniwa na mwandishi Mwingereza Lewis Carroll, ambaye kitabu chake cha watoto chenye paka huyo kilitoka mwaka 1865.

Kuna maneno mengine ya kundi hili?

Yapo, nayo yanahitaji maelezo mafupi tu. "Simper", la karne ya 16, ni kujichekesha kwa madaha na ujinga kidogo. "Sneer" ni kukunja uso na mdomo kwa dharau, na mara nyingi si tabasamu tena bali ni kubeza. "Beam" ni uso kung'aa kwa furaha, kutokana na neno la mwale wa nuru. Kwa Kiswahili tungesema uso umejaa bashasha.

Je, kuna neno la Kiingereza la tabasamu la kweli, tofauti na la bandia?

Katika lugha ya kawaida hakuna. Katika sayansi lipo, na limechukua jina la mtu. Daktari Mfaransa Guillaume Duchenne alichapisha mwaka 1862 kazi aliyoifanya kwa kusisimua misuli ya uso kwa umeme na kupiga picha za matokeo. Aligundua kwamba msuli wa shavu unaovuta pembe za mdomo humtii mtu anapotaka, lakini msuli unaozunguka jicho na kukunja ngozi ya kando yake kwa kawaida husubiri furaha ya kweli. Charles Darwin alizitumia baadhi ya picha hizo katika kitabu chake cha mwaka 1872 kuhusu namna binadamu na wanyama wanavyoonyesha hisia. Zaidi ya miaka 100 baadaye mwanasaikolojia Mmarekani Paul Ekman alipendekeza kwamba tabasamu linalohusisha macho liitwe tabasamu la Duchenne, na jina hilo limekubalika. Wachunguzi wa siku hizi wameonyesha kwamba watu wengi huweza kuuigiza hata msuli wa jicho, hivyo kipimo hicho si hakika kama Duchenne alivyodhani. Lugha ya runinga nayo haikuachwa nyuma: mwaka 2009 Tyra Banks, mwanamitindo na mtangazaji Mmarekani, alieneza "smize", kitenzi cha kutabasamu kwa macho pekee, kilichoundwa kwa kuunganisha "smile" na "eyes".

Nimesikia kwamba "smiles" ndilo neno refu kuliko yote ya Kiingereza. Ni kweli?

Ni kitendawili cha watoto: kati ya s ya kwanza na s ya mwisho kuna "mile", yaani maili nzima. Neno la maili linatokana na Kilatini "mille", elfu, kwa kuwa maili ya Kirumi ilikuwa hatua 1,000, na halina undugu na tabasamu.

Sadfa nyingine ya namna hiyo huwapotosha hata wasomi. Mnyama wa kale aitwaye Smilodon, aliyekuwa na meno ya juu marefu kama majambia, hakupewa jina hilo kwa sababu anaonekana anatabasamu. Peter Wilhelm Lund, Mdenishi aliyechimba mifupa katika mapango ya Brazili, alilitunga jina hilo mwaka 1842 kutokana na maneno ya Kigiriki ya kisu cha kuchongea na jino. Kisu hicho kwa Kigiriki huitwa "smile", kikitamkwa kwa silabi mbili, na hakihusiani kwa lolote na neno la Kiingereza.

Kwa nini huandikwa "smile" lakini hutamkwa karibu na "smail"?

Kwa sababu tahajia ilibaki pale matamshi yalipoondoka. Chaucer alilitamka kwa i ndefu, karibu na "smii-le", na e ya mwisho ilisikika kwa udhaifu. Kati ya mwaka 1400 na 1700 hivi vokali ndefu zote za Kiingereza zilihama, na i ndefu ikawa ai. E ya mwisho ikanyamaza, ikabaki kama alama tu ya kumkumbusha msomaji kwamba vokali iliyotangulia ilikuwa ndefu. Mtoto wa Morogoro au Kisumu anayelisoma neno hili kwa kanuni za Kiswahili, kisha akasahihishwa, yuko karibu na Chaucer kuliko mwalimu wake, ingawa hilo halitamsaidia katika mtihani.

"Smiley" lilitokeaje?

Kwa muda mrefu lilikuwa kivumishi tu cha mtu au uso wenye kutabasamu. Likawa jina la ule uso wa duara la njano baada ya mwaka 1963, pale Harvey Ball, mchoraji wa matangazo wa mji wa Worcester, jimbo la Massachusetts, alipouchorea kampuni ya bima iliyotaka kuwapa moyo wafanyakazi wake. Alilipwa dola 45 na hakusajili haki ya mchoro. Mfaransa Franklin Loufrani ndiye aliyesajili uso wa aina hiyo kwao mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tarehe 19 Septemba 1982 Scott Fahlman wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon alipendekeza kwa wenzake kwamba nukta mbili, kistari na mabano ya kufunga vitumike kwenye ujumbe wa kompyuta kuonyesha kwamba mwandishi anatania. Alama hizo nazo zikaitwa "smiley", na vijiuso tunavyotumiana leo kwenye simu vimefuata mkondo huo.

Nikifasiri, nitumie maneno gani ya Kiswahili?

Kwa "smile" tumia tabasamu, nawe utakuwa salama karibu kila mahali. Kwa "grin" chagua kati ya kukenua na kutabasamu hadi meno kuonekana, kwa kuangalia kama mwandishi anampenda mhusika au anamcheka. Kukenua kunaweza kumshushia mhusika hadhi ambayo Kiingereza hakikumshushia.

"Smirk" ndilo gumu. Hatuna neno moja linalolibeba lote, na kuliandika tabasamu tupu ni kumwibia msomaji habari. Lazima mfasiri aamue ni ubaya gani uliomo katika sentensi aliyo nayo. Mhusika akiwa anajisifu moyoni, "alitabasamu kwa kujiona" hutosha. Akiwa anamdharau mwenziwe, "alitabasamu kwa kebehi". Akiwa anafurahia msiba wa mwingine, kuchekelea hufaa kuliko tabasamu lolote: "alichekelea kimoyomoyo alipoona mpinzani wake amekosa jibu". Na kama matini ni ya kabla ya karne ya 18, afikirie kwanza kama ubaya umo kweli, asije akamfanya Hekima wa Boethius kuwa mtu wa kebehi.

Je, ni kosa kusema "ku-smile" katika Kiswahili?

Katika mazungumzo ya Nairobi na miji mingine ya Kenya husikika kila siku, na mazungumzo hayana haja ya ruhusa ya mtu. Katika maandishi rasmi hakuna pengo la kuzibwa, kwa hiyo tunashauri kutabasamu. Kosa linaloonekana mara nyingi zaidi katika maandishi ni la sarufi: kwa kuwa kitenzi hiki ni cha asili ya Kiarabu, irabu yake ya mwisho haibadiliki katika ukanushi wala katika dhamira tegemezi, hivyo huandikwa "hatabasamu" na "mwambie atabasamu", si "hatabasami" wala "atabasame". Kikinyambuliwa hufuata kanuni za kawaida, kama katika "alimtabasamia mtoto" na "habari hizo zilimtabasamisha".